Siku Nilipomwambia Mama Yako Anyamaze

Gaude mwanangu,

Umelala. Saa hizi ni kumi na moja jioni na wewe, ambaye hata ukiwa mdogo hukuwa mtu wa kulala mchana, umelala tangu tulipotoka mezani. Nimekuacha upumzike. Nimekaa jikoni na lile daftari lako la kidato cha nne ambalo kurasa zake za nyuma hazikuandikwa, na upepo wa leo unagonga bati kama mtu anayetaka kufunguliwa. Kesho alfajiri gari la Kabwe litakuchukua kwenda kwa wakwe zako, na mimi kuna neno sijakuambia.

Habari za safari sitaandika. Blanketi, kadi ya kliniki, unga wa ulezi, vitenge vya kumbebea mtoto, vyote viko kwenye begi, na umevipanga mwenyewe vizuri kuliko ambavyo ningevipanga mimi. Naandika kwa sababu mama mkwe wako amepiga simu tena mchana. Amesema, "Mama Gaude, mimba ya kwanza kwetu inazaliwa kwenye nyumba ya mume. Wakunga tunao. Mwambie asiogope, wanawake wa huku hatuna makelele."

Nikamjibu, "Sawa, mama."

Hayo maneno ya kutokuwa na makelele nayajua. Niliyanywa pamoja na uji, na siku moja niliyatumia, na aliyekufa ni mama yako.

Unajua si mimi niliyekuzaa. Hilo hatukukuficha. Unajua mama yako Skola alifariki siku uliyozaliwa, na unajua tulichokuambia kila ulipouliza, kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nimekaa na jibu hilo miaka ishirini na mitatu. Mungu amesingiziwa vya kutosha katika nyumba hii.

Nianze na mimi mwenyewe, ili unielewe, si ili unihurumie.

Bibi yako alitulea kwa amri moja juu ya zote: mwanamke hapigi kelele. Ukiungua, nyamaza. Ukipigwa, nyamaza. Na siku ya kuzaa, hapo ndipo kijiji kizima kitatega sikio kujua mama yako alikulea vipi. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa, kijiji cha pili tu kutoka kwetu, na uchungu uliponishika nilirudi kwa bibi yako kuzaa. Nilikaa nao siku mbili. Niling'ata ncha ya kanga mpaka ikatoboka. Nje kulikuwa na wanawake wanachambua maharage, nikawasikia wakiambiana, "Huyu utadhani hayumo ndani." Gaude, nilizisikia sifa hizo na zikanitia nguvu ya kunyamaza zaidi. Siku ya pili jioni mtoto hakuwa anacheza tena tumboni. Nilijua. Sikumwambia mtu, kwa maana kusema nako niliona ni namna ya kulia.

Alikuwa wa kiume. Naye hakulia.

Walimzika nyuma ya nyumba kabla hata sijaweza kusimama. Bibi yako aliingia, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Umenitoa aibu, mwanangu." Na mimi nilifurahi. Nakuandikia neno hili kama lilivyo. Mtoto wangu alikuwa ardhini na mimi nilifurahi kwamba nimesifiwa.

Sikupata mimba nyingine. Mume akaoa mwingine, nami nikarudi nyumbani nikiwa na jina zuri na mikono mitupu.

Mwaka wa tatu wa kurudi kwangu ndipo mdogo wangu Ludo, baba yako, alipomleta Skola. Alimtoa Milepa, kule bondeni kwenye joto, na alipofika huku juu kwenye baridi yetu alivaa masweta mawili na bado akawa anacheka. Mama yako alikuwa na kicheko kinachosikika kisimani. Akitwanga anaimba, akijikwaa anapiga yowe, akiona nyoka anaita watu wote mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Bibi yako alikuwa akimtazama tu. Jioni moja aliniambia kwa Kifipa, sauti ya chini, "Anayecheka hivi, siku ya kuzaa atatuvua nguo."

Mimi na Skola tulipendana. Tulilima ulezi shamba moja, tulifua mto mmoja. Siku moja tumeinama tunapalilia, nimejikata kidole kwa jembe, nimekifunga na jani nikaendelea. Akanishika mkono.

"Wifi, hivi wewe huumwi?"

"Naumwa."

"Sasa mbona husemi?"

"Nikisema kitapona?"

Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Kwetu Milepa mwanamke akishikwa na uchungu analia mpaka majirani wanaamka. Anaita kila mtu, hata jogoo. Ndiyo wanajua waje."

Nilimwona mshamba. Nilimwona mtoto.

Alipokuwa na mimba yako ya miezi minane alitoka kliniki na kadi mkononi. Nesi alikuwa ameandika kwamba azalie hospitali ya mjini, kwa kuwa alikuwa mfupi na hii ni mimba ya kwanza. Hakwenda kwa Ludo, alikuja kwangu. "Wifi, mwambie wewe. Wewe dada yake, anakusikiliza. Na mama akikataa, wewe ndiye utakayemweza."

Nilikuwa napepeta mahindi. Sikuacha kupepeta. Nikamwambia, "Wewe ni nani mpaka ukazalie mjini? Sisi tumezaa hapa."

Sisi. Mimi niliyezaa maiti ndiye niliyesema "sisi tumezaa hapa."

Nimejiuliza sana kwa nini. Zamani nilijiambia ni desturi, ni kumheshimu bibi yako. Si kweli. Kama Skola angezalia mjini, akalia anavyotaka, akarudi na mtoto mzima mgongoni, basi zile siku zangu mbili zingekuwa za nini? Kanga niliyoing'ata ingekuwa ya nini? Nilitaka apite palepale nilipopita, ili pale pawe na maana. Mwanangu, wanawake wengi wanaokuambia "vumilia, hata sisi tulivumilia" si wabaya. Wana kaburi dogo nyuma ya nyumba ambalo hawataki kuambiwa lilikuwa bure.

Uchungu ulimshika asubuhi, mvua inanyesha. Ndani tulikuwa mimi, bibi yako na mkunga mmoja mzee. Ludo na wazee wawili walikuwa uani wamejikinga chini ya kibanda cha mahindi. Skola akaanza kulia kama alivyoahidi. Alimwita mama yake, akamwita Ludo, akawaita watakatifu kwa majina. Bibi yako alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikajua ninachotakiwa kufanya.

Nilimfunika mdomo kwa kiganja. Nikamwambia, "Nyamaza. Wanaume wako uani. Unatutia aibu."

Alinitazama juu ya mkono wangu. Nilitegemea atanisukuma, alikuwa na nguvu kuliko mimi. Hakunisukuma. Akafumba macho, akanyamaza.

Bibi yako akasema, "Ameelewa."

Alinyamaza kuanzia asubuhi ile mpaka alasiri. Mara moja tu alinivuta kitenge, akasema polepole kama mtu anayeomba maji ya kunywa, "Wifi, niitie Ludo. Kuna kitu si sawa."

Nikasema, "Bado kidogo."

Hakurudia. Ndivyo nilivyokuwa nimemfundisha.

Ulizaliwa saa tisa. Wewe ulilia. Ulilia kwa sauti ya bondeni, mkunga akacheka, bibi yako akacheka, hata uani walicheka. Tulikuosha, tukakugeuza huku na huku, tukakutafutia unafanana na nani. Nusu saa nzima hakuna aliyemwangalia Skola. Mtu asiyelalamika haangaliwi. Niliposogea kumwonyesha uso wako nilihisi unyevu chini ya nyayo. Nilidhani ni mvua imepita chini ya mlango. Nikatazama chini.

Tulimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi zahanati, tope mpaka kwenye ekseli, Ludo anavuta ng'ombe kwa mkono na kuwatukana. Mimi nilikaa nyuma, kichwa chake mapajani mwangu. Midomo yake ilikuwa imepauka kama ya mtu aliyekula unga. Tulipofika, nesi alimshika mkono, akamwachia, akaniuliza, "Damu imeanza saa ngapi? Hakusema?"

Nikamjibu, "Hakulalamika hata kidogo."

Gaude, nilisema kwa majivuno. Mdomo ulisema wenyewe, kama ulivyozoea. Yule nesi akavuta shuka akamfunika mama yako uso.

Msibani walimsifu. Walisema kumbe alikuwa mwanamke wa kweli, hakuna aliyetegemea. Siku ya tatu Ludo alinifuata nikiwa naanika nguo zako. Akaniuliza swali moja tu: "Dada, aliniita?"

Nikamwambia, "Hapana. Hakukuita."

Ndipo alipoondoka kwenda kulima Katavi. Umekua ukidhani baba yako alikukimbia. Huwa unajikaza kwenye simu anapopiga Krismasi, unamwamkia shikamoo kama unamwamkia karani. Baba yako hakukukimbia. Aliikimbia nyumba ambamo mke wake alikufa, kwa alivyoambiwa na mimi, bila hata kumkumbuka.

Nawe nikakulea. Ungedhani nilikulea tofauti. Unakumbuka ulipokanyaga msumari darasa la nne? Ulitembea nao kutoka shule, kiatu kimejaa damu, ukaingia ukaniamkia, ukaanza kuosha vyombo. Mwalimu wako alipokuja kuniambia hajawahi kuona mtoto mvumilivu hivi, nilimchinjia kuku. Nilizunguka mtaa mzima nikisimulia. Wewe ulisimama mlangoni unasikiliza unavyosifiwa, na mimi niliona usoni mwako furaha ileile niliyokuwa nayo mimi siku aliponishika bibi yako kichwa. Niliiona. Sikufanya kitu.

Sasa nakuona tangu Jumapili. Miguu imevimba, umevaa ndala za mumeo Fredi. Ukipika ugali unasimama na kufumba macho. Nimekuuliza asubuhi, "Kichwa?" Ukasema, "Sijambo, mama, ni baridi tu." Na leo mchana mezani ulikuwa unanimiminia maji, ukayamimina pembeni ya kikombe. Hukuona kikombe kiko wapi. Ulicheka kidogo, ukafuta meza, ukasema umechoka unakwenda kulala. Na mimi niliyekaa kwenye lile benchi la kliniki nawe, niliyemsikia yule nesi kwa masikio haya akisema kwamba mjamzito akivimba, kichwa kikimuuma na macho yakaona ukungu, asisubiri hata siku moja, mimi nilifanya nini?

Nilichukua kalamu.

Nimekaa hapa saa nzima naandika kwa herufi nzuri jinsi kimya kilivyomuua mama yako, na wewe uko chumba cha pili nyuma ya pazia. Nilikuwa nataka ukaisome barua hii Kabwe. Niliona aibu kukuamsha. Niliona aibu kumwambia mama mkwe wako hapana.

Nimesikia umetapika.

*

Naendelea kwa kalamu nyingine, nimeazima kwa mlinzi. Ni asubuhi, saa tatu kasoro. Niko kwenye benchi la korido, hospitali, wodi ya wazazi. Daftari nilikuta nimelishika mkononi tuliposhuka kwenye bajaji, sijui nililichukua saa ngapi.

Nitakuandikia yaliyotokea kwa sababu nadhani mengine huyakumbuki. Nilikukuta umekaa sakafuni umeegemea kitanda. Ulisema, "Usijali, mama." Hapo nikapiga ukelele. Sijawahi kupiga ukelele maishani, Gaude, na ulitoka vibaya, kama mlango wenye kutu. Ukanishika mguu, unaniambia, "Mama, majirani watasikia."

"Nataka wasikie!"

Wakasikia. Baba Kelvini akaja na bajaji yake bado ana tonge mkononi, mke wake akakushika kiuno. Njiani ulinikasirikia. Ulisema nimekufanya kituko, na kesho una safari. Nikakuambia, "Safari hakuna." Ukaniambia kwamba si mimi wa kuamua, wewe ni mke wa mtu. Nikakuambia huku bajaji inaruka mashimo kwamba nilimfunika mama yako mdomo kwa mkono huu, nikakuonyesha. Sikupanga ulisikie hivyo. Nilikuwa na kurasa nzima za maneno mazuri na nikakutupia moja, kwa ubaya, gizani, mbele ya Baba Kelvini. Ulinitazama mpaka tulipofika getini. Kimya chako kile sijui maana yake, na sitakulazimisha uniambie.

Nesi alikupima presha. Akatazama kipimo, akakupima mkono wa pili. Halafu akaenda kumwita mwenzake bila kukimbia, lakini kandambili zake zilikuwa zinapiga sakafu haraka haraka. Daktari kijana ameniambia mtoto itabidi azaliwe sasa, miezi haijatimia, lakini wakisubiri watawakosa wote wawili. Nimemuuliza, "Mtapona?" Nimesema "mtapona" kama vile yeye na wenzake ndio wagonjwa. Akasema, "Mama, tunajitahidi." Hakuongeza neno, nami nimemheshimu kwa hilo.

Mama mkwe wako amepiga alfajiri, gari limeondoka bila wewe. Amesema nimevunja utaratibu wa ukoo, na jambo lolote likimpata huyo mtoto nijue nimelitaka. Nilikaa na simu sikioni, na ule "Sawa, mama" ulikuwa tayari kwenye ulimi. Nikasema, "Shikamoo mama, siwezi kuongea sasa, binti anaumwa." Basi. Sikuwa shujaa, nilikata tu. Fredi naye alipiga muda huohuo, sauti imekauka. "Mama, niambie ukweli." Nikamwambia ni hatari, na aje bila kumuuliza mtu. Yuko njiani, amepita Namanyere.

Nilimpigia na baba yako. Nilisema, "Ludo, siku ile alikuita." Hakuuliza siku gani. Nilisikia ng'ombe nyuma yake, na mtu anafungua zizi. Halafu simu ikakatika. Sijui kama ni yeye au ni mtandao. Sijapiga tena, ninaogopa. Lakini lile neno halimo tena ndani yangu, limo kwake, na atalifanya anavyotaka. Nawe vilevile. Ukitoka humo ukiwa hunitaki, nitakuelewa. Ukitaka kwenda Kabwe baadaye, kwa miguu yako na kwa uamuzi wako, nitakufungia begi tena. Sina haki ya kukuomba ubaki nami. Ninachokuomba ni kidogo: popote utakapoishi, ukiumwa, mtu wa kwanza kujua asiwe yule anayekufunika shuka.

Wamefunga mlango wa chumba chako saa moja iliyopita. Mwanzoni hukusikika kabisa. Nilikaa nimekumbatia kadi ya kliniki, nahesabu vigae vya ukutani, nimerudi kwenye ule mkokoteni. Nimemwomba Skola anisamehe, nikamwomba asikuite.

Halafu umepiga yowe.

Umeita "Mama!" Sijui umemwita nani kati yetu. Umeita mara ya pili, kwa nguvu zaidi, korido yote imegeuka. Mwanamke mmoja mtu mzima, ana binti yake naye anasubiri, ameguna, akaninong'oneza, "Mabinti wa siku hizi jamani. Huyo ni wa nani, asiye na haya hivyo?"

Nimesimama ili anisikie vizuri, na wengine wote kwenye korido wasikie.

"Ni wangu huyo," nimesema. "Mwache alie."